Kufundisha wanafunzi kuweka alama kwenye shairi na kulichambua: maswali ambayo walimu wa Bukavu wanauliza mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa walimu wa Kifaransa na wa Kiswahili wa hapa mjini, wengine wa Ibanda, wengine wa Kadutu na Bagira, na yanarudi kila mwaka karibu vilevile. Nimeyajibu sawa vile ningemjibu mwenzangu tukiwa tunangoja kengele. Kama uko Goma au Uvira mambo ni yaleyale.

Kuweka alama kwenye shairi ni nini hasa, na juu ya nini nipoteze muda nayo wakati programu ni ndefu?

Ni kusoma na biki mkononi. Mwanafunzi anapiga mstari chini ya neno, anazungushia lingine, anavuta mshale toka hapa mpaka pale, halafu anaandika pembeni maneno mawili matatu kuonyesha kwa nini kaweka ile alama. Hiyo ya mwisho njo wengi wanaisahau. Shairi lililopigwa mistari kila mahali bila neno hata moja pembeni halimsaidii, kesho akifungua kaye, yaani daftari lake, hatakumbuka alikuwa anafikiri nini.

Na muda haupotei. Mtoto ambaye ameweka alama tano nzuri ana aya tano zinazomngoja, akiulizwa kuandika haanzi kuangalia dari. Ule ambaye hajaweka kitu atakuandikia "mtunzi ametumia maneno mazuri sana" na mambo yanaishia hapo.

Siku ya kwanza naanza wapi?

Anza na masikio. Soma shairi kwa sauti, polepole, watoto wakiwa wameweka biki chini. Usieleze kitu. Ukimaliza, mwachie mwanafunzi mmoja anayesoma vizuri alisome tena, na mara ya tatu wasome wote kimoyomoyo, sasa biki mkononi, na uwape kazi moja tu: kila mtu aweke alama tatu, neno moja lililomgusa, jambo moja ambalo hakuelewa, na jambo moja linalojirudia. Tatu zinatosha. Ukiwaambia "wekeni alama kila mnachoona" watapaka rangi ukurasa mzima.

Juu ya nini masikio kwanza? Juu mashairi ya Kiswahili toka zamani yalitungwa ili yaimbwe au yasomwe kwa sauti mbele ya watu, hata yale yaliyoandikwa. Hati ya zamani kabisa ya utenzi, lile shairi refu la kusimulia, inayojulikana ni ya 1728, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na bado utenzi ule ukiusoma kimya unapoteza nusu ya utamu. Vina (sauti zinazofanana mwisho wa vipande), mizani (hesabu ya silabi), kituo kinachorudi mwisho wa kila ubeti, vyote ni vitu vya sikio. Watoto wetu wanaoimba kwaya kila siku ya Mungu wana sikio hilo tayari, kazi yako ni kuliamsha darasani.

Na kitu kimoja nakisisitiza sana: ukishasoma, nyamaza. Dakika tano za kimya ni ndefu kwa mwalimu, mikono inawasha, unataka kusaidia, unataka kusema "angalieni mstari wa pili jamani". Usiseme. Ukisema tu, darasa zima litapiga mstari wa pili, na wewe utadhani wameelewa.

Hatuna foto kopi, na darasa limejaa mpaka wengine wanakaa watatu watatu kwa banki moja. Nafanyaje?

Andika shairi kwenye ubao na waambie walinakili wakiruka mstari mmoja kila mara, na waache pembeni kulia nafasi ya upana wa vidole vitatu. Kunakili siyo adhabu, mkono unaoandika "mlangoni" herufi kwa herufi umeshaliona lile neno kuliko jicho linalopita haraka. Chagua tu shairi fupi, beti mbili au tatu, mistari minane mpaka kumi na miwili. Shairi refu kwenye ubao linakula saa nzima na hakuna uchambuzi utakaofanyika.

Wale watatu wa banki moja wafanye kazi kwa kaye ya mmoja, wakibadilishana biki. Wanabishana kabla ya kuweka alama, na ubishi ule njo uchambuzi wenyewe unaanza.

Vitabu vinasema tumie rangi nne. Wanafunzi wangu wana biki moja ya bleu.

Moja inatosha kabisa. Kubalianeni alama chache na muzibandike ukutani: mviringo kwa neno lililomgusa, mstari chini kwa kinachojirudia, alama ya kuuliza kwa kisichoeleweka, mshale kuunganisha mambo mawili, na mstari wa wima pembeni mahali ambapo shairi linageuka, yaani sauti, wakati au hisia vinabadilika. Tano basi. Ukiweka kumi na mbili watakuwa wanajifunza alama, hawajifunzi shairi.

Tuonyeshe mfano mzima, toka alama mpaka maana.

Sawa. Ubeti huu nimeutunga kwa ajili ya darasa, unaruhusiwa kuutumia. Watoto wa huku wanaelewa mara moja, mtu akisimama usiku Nguba, mtaa wetu ulio karibu na ziwa, anaona taa za wavuvi wa sambaza, samaki wale wadogo, kule ziwani.

Taa ziwani naona, zawaka kila jioni,
Baba hakulala jana, wavu wake u majini,
Mama amekaa sana, macho yake mlangoni,
Nami nauliza mwana, mtumbwi warudi lini?

Kwanza umbo, haraka haraka, usikae hapo saa nzima. Mishororo, yaani mistari, ni minne, kwa hiyo ubeti huu unaitwa tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), mizani nane na nane, jumla 16. Vina vya kati ni "na", vya mwisho ni "ni". Mtoto anaandika hayo juu ya ubeti kwa mstari mmoja na mnasonga.

Sasa alama. Wengi watazungushia "taa" au "mlangoni", muzuri, uliza tu kwa nini. Kwenye kinachojirudia watapiga mstari chini ya "ni" za mwisho, na hapo usiwaache waseme "kuna vina" kisha wakae. Waambie wayasome yale maneno manne peke yake toka juu mpaka chini: jioni, majini, mlangoni, lini. Rudia tena polepole. Kuna mtoto atanyanyua mkono. La kwanza ni wakati, mawili ya katikati ni mahali, la mwisho linauliza wakati. Jioni inajulikana, inakuja kila siku, lakini saa ya kurudi haijulikani. Sauti ni ileile moja, uhakika njo umeondoka. Hapo kina kimefanya kazi, na mwanafunzi kaona mwenyewe.

Mshale sasa. Toka "hakulala" mpaka "amekaa sana": baba hakulala, na mama naye, hata kama ubeti hausemi hivyo. Wako mahali pawili, usiku mmoja. Mstari wa wima pembeni utaenda kwenye mshororo wa nne, juu hapo sauti inageuka, mpaka pale tulikuwa tunaonyeshwa vitu, sasa kuna mtu anauliza. Na alama ya kuuliza? Mara nyingi watoto wanaiweka kwenye "mtumbwi". Juu ya nini mwana anauliza mtumbwi na siyo baba? Hilo ni swali zuri sana, liandike kwenye ubao na liache wazi. Mmoja atasema anaogopa kumtaja baba. Mwingine atasema mtumbwi ukirudi na baba amerudi. Mwingine, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "ule mwana iko ana njaa, anataka sambaza". Zote tatu zinashika kitu kilicho ndani ya ubeti.

Mwisho kabisa uliza ni neno gani halimo. Neno "kungoja" halimo. Ubeti mzima ni wa kungoja na halijatajwa hata mara moja.

Kila nikimaliza kusoma, mwanafunzi anauliza "Prof, inamaanisha nini?" Nimjibu?

Usijibu kwanza. Mrudishie maswali madogo: nani anasema? anamwambia nani? wako wapi? ni saa ngapi? nini kimebadilika toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho? Akishajibu hayo matano kwa kuonyesha mahali kwenye shairi, maana imeshakuja karibu yote. Lakini neno gumu kabisa, ambalo hawezi kulijua, mpe maana yake bila kumzungusha, hakuna faida ya kumtesa mtoto na msamiati wa zamani wa pwani ambao hata sisi tunautafuta kwenye kamusi.

Wanafunzi wangu hawawezi kuhesabu mizani.

Wapige makofi, silabi moja kofi moja, na usianze na sheria. Shida kubwa ni ile "m" inayosimama peke yake, lakini watoto wa Kivu wana bahati hapa, juu wanasema "mutoto" na "mulangoni", kwa hiyo makofi yao yanatoka sawa bila kuelezwa: m-to-to ni tatu sawa vile mu-to-to, m-la-ngo-ni ni nne. Waonyeshe tu kwamba kwenye "nyumba", "ngoma" na "mbuzi" zile herufi zinashikana, nyu-mba, ngo-ma, mbu-zi, mbili mbili. Na irabu mbili zinazofuatana ni makofi mawili: ta-a, ka-a, na-o-na.

Kwa shairi la Kifaransa mambo yanabadilika na lazima uwaambie wazi, juu ile "e" ya mwisho inawachanganya sana. Mbele ya konsonanti inahesabiwa, mbele ya irabu inamezwa, mwisho wa mstari haihesabiwi. Chukua "une porte fermée": u-ne-por-te-fer-mée, sita. Chukua "une porte ouverte" mwisho wa mstari: u-ne-por-t'ou-verte, tano. Waandike hiyo mifano miwili nyuma ya kaye wasiipoteze. Halafu aleksandri, silabi 12 na pumziko baada ya ya sita, wataihesabu wenyewe, na soneti wataitambua kwa mistari yake 14, minne, minne, mitatu, mitatu.

Ila kuhesabu kusiwe mwisho wa safari. Baada ya kuhesabu uliza ni wapi hesabu inavunjika au ni neno gani limewekwa kwenye pumziko, juu mara nyingi mtunzi ameficha kitu hapo.

Shairi ni la Kifaransa lakini nyumbani wanasema Kiswahili, Mashi au Kilega. Waandike pembeni kwa lugha gani?

Yoyote ile wanayofikiria. Kwenye pembeni mwanafunzi anazungumza na yeye mwenyewe, hakuna inspekta pale. Nimeona watoto wanaokaa kimya kabisa kwa Kifaransa, ukiwaruhusu kuandika pembeni kwa Kiswahili wanakutolea mambo ya ajabu, "hapa sauti yake imekasirika", "huyu anajifanya hana shida". Baadaye, wakati wa kuandika aya, munatafuta pamoja maneno ya Kifaransa ya kusema hayohayo. Kazi mbili, kuelewa na kusema kwa Kifaransa, ukizibebesha mtoto pamoja kwa dakika ileile zote mbili zinaanguka.

Wamejaza majina ya mbinu za shairi kichwani, tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, na bado hawachambui.

Juu wamefundishwa majina bila kazi. Kataza jina peke yake. Mtu akisema "hapa kuna tashihisi" aendelee: kitu gani kimepewa tabia ya mtu, tabia gani, na mimi msomaji inanifanya nihisi nini. Asipoweza, bora aseme "ziwa limesema kama mtu" bila lile jina kubwa. Jina litakuja.

Toka alama mpaka aya, wanakwama kabisa.

Hapa njo penye kazi ngumu, na penye kuhitaji subira. Wape njia ya hatua tatu: naona nini, kiko wapi, kinafanya nini. Hatua ya kwanza ni jambo lenyewe, ya pili ni maneno ya shairi kati ya alama za mtajo, ya tatu ni wazo lake. Wengi wanaruka ya pili, wanasema tu "shairi lina huzuni", haya, huzuni iko kwenye neno gani?

Kwa ubeti wetu, aya dhaifu inakuwa hivi: "Katika ubeti huu kuna mizani 16, vina na takriri. Mtunzi ametumia lugha nzuri inayopendeza msomaji." Kila neno lingefaa kwa shairi lingine lolote duniani. Hicho njo kipimo ninachowapa: kama aya yako inaweza kubandikwa kwenye shairi lingine na bado ikakaa sawa, haujaandika kitu.

Aya yenye nguvu: "Usiku umeigawanya familia hii. Baba yuko 'majini', macho ya mama yako 'mlangoni', na mtoto amebaki na swali. Vina vya mwisho vinaanza na wakati unaojulikana, 'jioni', vinaisha na wakati usiojulikana, 'lini'. Kwa hiyo hata sauti ya ubeti inatuonyesha familia inayongoja bila kujua." Sentensi fupi tu, lakini kila moja imeshika kwenye shairi.

Aya ya kwanza iandikeni pamoja kwenye ubao, wao wakitoa maneno, wewe ukiandika hata wanachokosea, halafu muirekebishe mbele ya wote. Ya pili wawili wawili. Ya tatu kila mtu peke yake. Usiruke ile ya pamoja hata kama umechelewa.

Shairi huru, lisilo na vina wala mizani, linawekwa alama gani?

Zilezile, lakini jicho liende mahali mstari unapokatika. Kwa nini amekata hapa? Neno gani limebaki peke yake? Wapi ameacha nafasi tupu? Miaka ya 1970 kule Tanzania watunzi walibishana vikali kama mashairi ya namna hiyo ni mashairi kweli, na ubishi huo ni mzuri kuuleta darasani, wagawe watoto pande mbili watetee.

Kwa hiyo kila jibu ni sahihi?

Hapana. Jibu linalosimama ni lile lenye neno la shairi chini yake. Mtoto akisema kwamba baba wa ubeti ule ameshakufa, usimkatie, muulize "onyesha mahali". Akionyesha ule ukimya, akasema baba ndiye pekee ambaye tunaona wavu wake bila kumwona mwenyewe, basi amesoma vizuri kuliko wengi. Akisema tu "juu mi nafikiri hivyo", mrudishe kwenye kaye. Na wewe mwalimu kubali kwamba mtoto anaweza kuona kitu ambacho fishi yako ya maandalizi haina.

Shairi linasema juu ya vita au kifo, na darasani kuna watoto waliokimbia makwao. Nilifundishe?

Ndiyo, lakini kwa uangalifu. Lisome peke yako siku moja mbele na ufikirie sura za watoto wako. Usimwambie yeyote aeleze yaliyompata "kama kwenye shairi", uchambuzi uzungumze juu ya mtu aliye ndani ya shairi, "yule mama", "huyu anayesema". Umbali ule unamlinda mtoto, na akitaka kuuvuka ataamua mwenyewe, pengine kwa kuandika neno pembeni ambalo wewe peke yako utaliona. Ukiliona, usilisome mbele ya wengine. Mwite baadaye, kwa upole. Na anayetaka kutoka nje kidogo mwachie atoke bila maswali.

Finalisti wana Egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Hii itawasaidia au nirudi kwenye maswali ya kuchagua jibu?

Itawasaidia. Kabla ya sesio yenyewe kuna disertasio na oral ya Kifaransa, na huko kote mtu anatakiwa kushika wazo na kulitetea kwa mifano, ile njia ya naona nini, kiko wapi, kinafanya nini haibadiliki. Hata kwa maswali ya kuchagua jibu, mtoto aliyezoea kuweka alama anasoma matini kwa makini na anarudi kutafuta ushahidi kabla ya kuweka jibu. Fanya nao mazoezi ya maswali yale pia, usiyaache, lakini yaje baada ya kusoma.

Simu je?

Kama prefe, mkuu wa shule, anaruhusu, moja kwa darasa inatosha: piga foto kaye mbili zenye alama tofauti, watoto wapitishiane. Na warekodi wenyewe wakisoma shairi, wasikilize. Hiyo haihitaji hata mega moja ya intaneti.

Natoaje pointi kwa alama za pembeni? Kaye ni nyingi mno.

Usisahihishe zote. Kila wiki kusanya za banki chache, zunguka mpaka wote wapite. Kwenye alama zenyewe usipige kosa, angalia tu kama kila alama ina neno pembeni na kama kuna swali moja la kweli, na umjibu kwa kuandika swali lingine chini yake. Pointi kamili ziende kwenye aya. Ukianza kutoa pointi kwa wingi wa alama, wiki inayofuata utapokea kaye zilizojaa mistari toka juu mpaka chini, na ukiuliza "huu wa nini?" utaambiwa "prof, sijue".

Kama inspekta anataka kuona koti, yaani pointi, kwenye karatasi, muonyeshe aya ya mwanafunzi mmoja ya mwezi wa tisa na ya mwezi wa pili, ukiwa umezifungua zote mbili pamoja na shairi lililowekwa alama. Anza kuzihifadhi toka wiki ya kwanza, juu mwisho wa mwaka kaye nyingi zinapotea.